Karatasi Tisa za Mama Nukta

Mama Nukta hakuwa mtu wa kusimama mlangoni wakati wa mtihani. Kwake kazi iliisha bahasha ilipofungwa kwa lakiri, na akishaikabidhi alirudi ofisini kunywa chai na kumsema yeyote aliyekuwa karibu. Lakini siku ile, saa tatu asubuhi, alibaki akichungulia kwenye kioo cha mlango wa chumba kidogo cha mtihani, kwa kuwa ulikuwa mtihani wa mwisho wa Wakili, na miaka minne si mchezo.

Wakili hakuwa wakili bado. Jina alipewa na wenzake wa kitivo cha sheria kwa ubishi wake. Alikuwa kijana wa kubishana na mlango mpaka ujifungue wenyewe. Alikuwa haoni. Kisukari kilimchukua macho akiwa na miaka kumi na tisa, naye akajifunza kusoma upya kwa vidole. Barua ya chuo ilieleza wazi anachostahili: chumba cha peke yake, nusu ya muda zaidi, na maswali yaliyoandikwa kwa nukta nundu, vile vitone vilivyoinuka juu ya karatasi nene. Kuzichapa nukta hizo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Nukta.

Ndani, msimamizi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alikata lakiri na kumwekea Wakili karatasi mezani. Kijana akaweka vidole kwenye kona ya juu kushoto, akavisukuma kulia. Akasita. Akarudi mwanzo. Akafuta ncha ya kidole kwenye suruali, akajaribu tena. Akajaribu mkono wa kushoto. Kisha akainama, akavigusisha vidole vyake kwenye midomo, na hapo Mama Nukta akashika kitasa. Mbishi huyu, aliyewahi kuwaandikia wakubwa barua ya kurasa tatu kwa sababu ya kiti kilicholegea, hakusema neno. Alikaa tu.

Mama Nukta akaingia bila kugonga.

"Mama, hairuhusiwi," msimamizi akasema.

Aliichukua karatasi mpaka dirishani, akailaza kwenye mwanga. Yeye anaona, na nukta huzisoma kwa vivuli vyake. Ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile hakukuwa na kivuli hata kimoja. Karatasi ilikuwa imelala kama shati lililotoka kupigwa pasi.

Papo hapo akajua. Hakuhitaji mpelelezi.

Jana yake, saa kumi na moja jioni, alikuwa amemaliza kuchapa karatasi zote tisa, akazifunga kwenye bahasha, bahasha akailaza ndani ya kabati la chuma. Mara yakaletwa maboksi mawili ya vitabu vya majibu. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado imeloa. Goti lilikuwa linamuuma, na mume wake, fundi cherehani asiyejua kupika hata maji, alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Akayabwaga maboksi juu ya bahasha. Dakika mbili tu, alijiambia, sakafu ikauke. Kisha akafunga kabati, akaenda zake.

Ajabu ni kwamba kwenye kabati lile kulikuwa na tangazo kwa herufi kubwa, USIWEKE KITU JUU YA KARATASI ZA NUKTA, na aliyeliandika ni yeye. Mfagizi aliwahi kuweka chupa ya chai pale, akasemwa wiki nzima mpaka akawa anapita upande wa pili wa korido. Mganga hajigangi.

"Muda wake usihesabiwe," alimwambia msimamizi. Kisha akamgeukia kijana. "Ningoje, mwanangu. Nakuja."

"Sawa, Mama," Wakili akasema. Hakuuliza sababu. Wakati mwingine wowote angeuliza sababu tano.

Mratibu wa mitihani alikuwa ofisini kwake akijipepea kwa faili. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja, na jenereta ililisha ukumbi mkubwa tu, kwa hiyo mashine kubwa ya kuchapa nukta ilikuwa chuma kitupu. Alimsikiliza Mama Nukta akiwa amesimama, macho kwenye saa ya ukutani.

"Saa tatu na dakika tisa," alisema. "Unajua kanuni, dada. Asiyeanza ndani ya nusu saa anahesabiwa hakuja. Atarudia mwakani."

"Ataanza."

"Basi msimamizi amsomee kwa mdomo. Tumalize."

"Mtihani wa sheria? Kisa cha kurasa mbili chenye watu sita na mashamba matatu? Wewe unayeona ungekisoma mara ngapi kabla ya kujibu?" Alikuwa amekwisha beba mashine ya mkono, ile nzito ya vitufe sita isiyohitaji umeme, ameikumbatia kifuani. "Barua inasema nukta. Chukua karatasi ya maswali ya kawaida, ya wino, unisomee. Mimi napiga. Na kila ukurasa ukiisha, unampelekea."

Mratibu alikuwa na umri wa mdogo wa mwisho wa Mama Nukta, naye alimjua mama huyu vya kutosha kutobishana. Akachukua karatasi.

Walikaa chumba cha jirani. Zamani Mama Nukta alikuwa mpiga chapa wa masijala, na taipureta zilipoondolewa alipelekwa kozi ya miezi mitatu kwa sababu tu vidole vyake vilizoea vitufe. Wenzake walimcheka, wakasema anakwenda kujifunza kutoboa karatasi. Hakuna aliyekuwepo kucheka sasa. Mratibu alisoma, yeye akapiga, na mashine ikagonga kwa kishindo mpaka meza ikatembea.

"Polepole, Mratibu! Hiyo ni koma au nukta?"

"Koma."

"Soma kama unamsomea mtoto."

Ukurasa wa kwanza ulitoka saa tatu na dakika ishirini na sita. Mratibu alitoka nao mbio, tai begani. Aliporudi alikuwa anahema.

"Ameanza?" Mama Nukta akauliza.

"Ameanza."

Hapo ndipo mbio zenyewe zilipoanza. Ukurasa mmoja ulimchukua dakika nane, na Wakili alikuwa msomaji mwepesi. Akimpita, atakaa mikono mitupu huku saa inakwenda. Ukurasa wa pili, wa tatu. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta. Kwenye wa nne alikosea herufi, akaikandamiza kwa ukucha mpaka ikalala, akapiga nyingine juu yake. Alipokandamiza nukta ile akaona jinsi kulilaza neno zima kulivyo rahisi, na roho ikamuuma. Angemwambiaje mtoto wa watu?

"Amemaliza wa nne," Mratibu akasema mlangoni. "Amekaa tu."

"Mistari mitatu! Mwambie mistari mitatu!"

Alipiga mistari ile, akamsukumia Mratibu ukurasa wa tano. Wa sita akauwahi. Wa saba akamtangulia, na kuanzia hapo kijana hakumshika tena. Ukurasa wa tisa ulipotoka, vidole viwili vya Mama Nukta havikukunjika. Akavitia kwapani, akakaa hivyo, kichwa kimeegemea ukuta.

"Muda wake uhesabiwe kuanzia ukurasa wa kwanza ulipomfikia," alisema akiwa amefumba macho. "Usinidanganye hapo."

"Nimeshaandika, dada. Mpaka saa saba na dakika hamsini na sita."

Saa nane mchana Wakili alisukuma kiti nyuma. Msimamizi alikusanya majibu, akaondoka nayo. Ndipo Mratibu akaingia na fomu moja, Mama Nukta nyuma yake, kwa kuwa mtihani wowote uliopata tatizo hutolewa taarifa yenye sahihi tatu: ya mratibu, ya aliyeandaa karatasi na ya mtahiniwa. Alikuwa ameshaijaza. Akamvuta Mama Nukta pembeni, akamwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa chanzo. Hitilafu ya umeme.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao," alinong'ona. "Kuna watu pale juu wanatafuta sababu ya kufuta nafasi hii. Umeme ulikatika kweli, si uongo. Tia sahihi twende tukale."

Mama Nukta alishika kalamu. Tuseme ukweli, alikuwa tayari kutia sahihi. Alikuwa na mume mwenye cherehani moja na paa linalovuja, na mtihani ulikuwa umefanyika; nani ameumia? Kalamu ilikuwa imegusa karatasi Wakili aliposema, "Kabla ya sahihi yangu, nisomewe."

Mratibu akasoma haraka haraka. Wakili alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeme," alisema. "Lakini karatasi ilichapwa jana, na jana umeme ulikuwepo. Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa nzima."

"Umeme ndio, yaani, mambo yote yalivurugika..." Mratibu akaanza.

"Msinifiche. Daktari aliniambia tangu siku ile. Sukari ikimaliza macho inaweza kuja kwenye vidole, ganzi inaingia taratibu, na siku moja unapapasa hupati kitu." Alikuwa anasugua ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine. "Nilipopapasa asubuhi nikakuta laini, nikajua zamu imefika. Hizi za mashine ya mkono nimezisoma, ndiyo, lakini nukta zake ni nene, hata mwenye sugu angesoma. Sikusema kwa sababu nilitaka nimalize huu mtihani kwanza, kabla hamjanionea huruma. Niambieni tu. Nimejiandaa."

Mama Nukta aliweka kalamu chini. Kwa saa tano nzima kijana huyu alikuwa amekaa na msiba mle ndani, akijibu maswali ya mashamba ya watu, na dawa ya msiba ule ilikuwa chumba cha pili imekaa kimya.

"Ni mimi," alisema.

"Dada," Mratibu akamwonya.

"Ni mimi, mwanangu. Jana niliweka maboksi juu ya bahasha yako. Sakafu ilikuwa imeloa, nikasema dakika mbili, nikaenda nyumbani nikayasahau. Nukta zimelala zote. Hata mimi na macho yangu mawili nimeilaza karatasi dirishani, sikuona hata moja. Vidole vyako ni vizima."

Alivuta fomu, akakata neno umeme kwa mstari mmoja mzito, na juu yake akaandika alichokifanya, akatia jina lake na sahihi. Mratibu alitazama dari. Machozi yalikuwa yanamtoka mama wa watu waziwazi na hakuyaficha, kwa aibu na kwa hasira juu yake mwenyewe.

Wakili alikuwa hajasogea. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya meza, vimetandazwa.

"Apa," alisema.

"Naapa kwa Mungu."

"Maboksi mangapi?"

"Mawili."

"Ya nini?"

"Vitabu vya majibu. Vipya, havijafunguliwa."

Pumzi ikamtoka kijana, ndefu, mabega yakashuka. Akaanza kucheka, kicheko kikamgeuka kilio katikati, na akaendelea kuuliza akiwa amemshika Mama Nukta mikono yote miwili, akiipapasa.

"Mazito, Mama?"

"Mazito, mwanangu. Mazito mno."