Muulize Alikula na Nani

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na sasa nawe unapokwenda kuhojiwa na chuo, acha nikusimulie. Nilikuwa na umri wako huo, nikiishi kwa mjomba wangu Athumani, aliyenilea tangu utotoni, kule Hounslow, magharibi mwa London. Chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kinafikiria kunipa nafasi pamoja na ufadhili, kikamwomba mtu aliyesoma pale zamani, mkazi wa hapa London, anihoji. Bila ufadhili ule nisingekwenda kokote, na nyumba nzima ililijua hilo.

Mjomba akaamua kunifanyisha mazoezi. Akavaa koti lake la harusini, akakaa jikoni, akakunja nne, akaanza kuniuliza. Nilikuwa nimekariri kila kitu, nikamwaga majibu bila kupumua. Mwishowe akasema, "Haya, any questions for me?"

"Hapana, mjomba."

Akavua koti. "Basi interview imekwisha. Umefeli."

Nikapandwa na hasira, nisikufiche. "Si nyinyi mlionifundisha nisimhojihoji mtu mzima?"

Nilikuwa nimembana kweli. Akacheka. "Mgeni akija hapa tunamwambiaje? Habari za safari, za watoto, za kazi, za huko utokako. Hayo si maswali? Mtu ameacha Saturday yake aje akuone, nawe hutaki hata kujua habari zake!"

Jumamosi nikakutana mgahawani na huyo wa kunihoji, mama mmoja. Majibu yangu yalitoka sawasawa, naye akaitikia kwa adabu huku akiibia kuangalia saa. Aliponiuliza kama nina swali, lile zuri nililoliandaa likanipotea. Likabaki lile nililotaka kweli kulijua: jioni yake ya kwanza kule chuoni, alikula na nani?

Akaweka kikombe chini. "Peke yangu," akasema, "chumbani, mlango nimeufunga, nalia." Akanisimulia mpaka chai ikapoa, jinsi msichana wa chumba cha pili alivyomgongea kuomba chumvi, wakawa marafiki mpaka leo. Nami nikajikuta namwambia hofu ambayo hata mjomba sikuwa nimemwambia: sikuwahi kulala mbali na nyumbani.

Nafasi niliipata. Kama ni kwa sababu ya swali lile, sijui, na sitakudanganya. Ila jioni yangu ya kwanza kule, nilitoka nikagonga mlango wa jirani kuomba chumvi, wala sikuwa na cha kupika.

Siku hizi mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza. Vijana wananijibu vizuri mno, na wengi wanaondoka bila kuniuliza lolote, nami nabaki na hadithi yangu.

Kwa hiyo jiandae kujibu, mwanangu, lakini usiende bila jambo moja ambalo roho yako inataka kweli kulijua kwa mtu atakayekuhoji. Muulize, kisha unyamaze umsikilize. Mungu akufungulie mlango huo, na ukishaingia, akupe jirani mwenye chumvi.