Nati ya Nne

Mume wangu ni fundi wa nati zilizoshindikana. Mafundi wenzake wakishavunja spana na kutukana hadi koo likawakauka, humwita yeye. Wamempa jina la Polepole, na hajawahi kukata nati hata moja. "Msumeno," husema, "ni wa walioshindwa."

Basi kaka yangu akapiga simu: amemaliza kujenga, ana chumba cha ziada, Jumamosi anakuja na pikapu kumchukua mama. Mume wangu alisikitika kwa mdomo tu. Nilimwona akitabasamu kwenye kioo. Miaka sita mama amekaa kwetu akimwambia anawe mikono kabla ya kula, ananawa, kisha anaambiwa arudie.

"Nitakwenda," mama akasema, "ila na kitanda changu."

Kitanda ni cha chuma, kilinunuliwa na marehemu baba, na mlangoni hakipiti bila kufunguliwa. Kina nati nne. Siku ya Jumatatu, nati tatu zililegea, mume wangu akazirudisha kwa mkono ili mama apate pa kulala. Ya nne, upande wa ukutani, ilikuwa kutu tupu.

Mume wangu aliisugua kwa brashi ya waya, akaitia dizeli na oili, akaigongagonga kwa nyundo ndogo. Jumanne asubuhi ikasogea robo mzunguko. Mwingine angekazana hapo hapo. Yeye akaweka spana chini. "Ukiilazimisha, bolti inakatika. Iache inywe mafuta."

Jioni akaikuta imekaza kama mwanzo.

Jumatano akaipasha moto, mama akipiga kelele kwamba godoro lake litaungua. Ikasogea robo, akaiacha inywe. Jioni imekaza. Alhamisi vivyo hivyo. Maskini, usingizi ukampaa, akawa anatia chumvi kwenye chai.

"Mke wangu, nati hii ina kiburi cha kwenu."

Nikarudi kwenye mchuzi jikoni, maana ugomvi wetu huwa mrefu.

Ijumaa alisahau miwani, akarudi saa nne asubuhi. Tukasikia chuma kikilia chumbani kwa mama. Akabisha hodi, kimya. Akabisha tena, kimya. Kwa hofu nikasukuma mlango.

Mama yangu, miaka sabini na minane, ambaye mgongo haumruhusu kuokota hata ufagio, alikuwa amelala chali chini ya kitanda. Ameshika spana, mpini wake ameuchomekea kipande cha bomba ili apate nguvu, na anakaza.

Mume wangu alichuchumaa, akaitazama ile kazi.

"Mama, nani alikufundisha kuongeza bomba?"

"Marehemu. Ulidhani fundi ni wewe peke yako?" Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kule simjui mtu, baba. Nitakaa naangalia ukuta."

Niliona haya. Siku zote hizo hakuna aliyemuuliza.

Mume wangu alinyoosha mkono, akapewa spana. Nikajua sasa anafungua. Akaikaza robo nyingine.

Jumamosi pikapu ilifika, na mafundi wenzake watatu walikuja kusaidia kubeba. Mbele ya wote, Polepole akakuna kichwa.

"Shemeji, nati imenishinda."

Mafundi wakatazamana. Mmoja akacheka, kisha wote.

"Si tuikate tu kwa msumeno?" kaka akauliza.

"Hapana. Kitanda kitaharibika. Mwache mama akae."

Mama alikuwa mlangoni. Alimtazama mkwewe, mikono imejaa oili hadi viwikoni.

"Chakula kinapoa, baba," akamwambia. "Njoo ule hivyo hivyo."