Choo Kilichotazama Bao

Jina lake ni Arek, lakini soko zima la Kakuma lilimwita Mama Nhial. Aliuza chai mkabala na banda langu la samaki wakavu. Alikuja kutoka Sudan Kusini na mtoto mgongoni, akakaa kwenye kambi ya wakimbizi, na kila asubuhi alitembea hadi mjini na birika zake mbili. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza hadithi, kwa hiyo mwisho wa hadithi zake nyingi siujui mpaka leo.

Mradi mmoja ulitujengea choo sokoni, kizuri, cha matofali na mabati mapya. Kosa lake lilikuwa moja tu. Mlango wa wanawake ulitazama kibaraza cha duka la Dekow, na hapo ndipo wazee wetu huketi kwenye vigoda vyao wakicheza bao kutwa. Mmoja wao ni baba wa mume wangu. Karibu kila mama pale sokoni alikuwa na mkwe kwenye kile kibaraza. Sisi wanawake wa Kiturkana, kwa mila yetu, hatuwezi kupita mbele ya mkwe tukielekea chooni, wala kumtamkia neno choo.

Basi tukaendelea kwenda laga, ule mto mkavu, kwenye vichaka vya miiba vya mathenge, wawili wawili, mmoja akichunga. Kulikuwa na vijana walioanza kukaa huko wakitungoja. Binti yangu Akai akienda, mimi siuzi chochote mpaka nimwone anarudi.

Mwenyekiti wa soko, Ekiru, akaitisha mkutano.

"Tumewaletea choo hamkitumii," alisema. "Mnataka tuwatandikie zulia?"

Wanaume wakacheka. Sisi tukatazama miguu yetu, maana wakwe walikuwa wamekaa mbele. Mama Nhial akasimama.

"Mwenyekiti, mimi hapa sina mkwe, mimi nitasema. Mlango inaangalia wazee, wazee inaangalia mlango. Mama anaona aibu. Jenga ukuta mbele, hata fupi. Ama bao ihame."

"Bao ihame?" mzee mmoja akashangaa. "Bao hii iko hapa kabla wewe hujazaliwa!"

"Sawa, mzee. Basi choo ndiyo mtoto. Mtoto avalishwe nguo."

Hata wazee walicheka, nikadhani tumeshinda. Lakini Ekiru hakupenda kuchekwa. "Mama, wewe ni mgeni. Mambo ya vyoo peleka kambini kwenu. Ukuta ukijengwa hapo, walevi watalala nyuma yake." Akafunga mkutano.

Mama Nhial akashona magunia ya mahindi, akayatundika kwenye miti mbele ya ule mlango. Kwa muda tukawa tunaingia na kutoka kama watu. Kisha tukaambiwa wageni wanakuja kuona mji, soko lisafishwe, na magunia yakachomwa pamoja na takataka. Akashona mengine. Yakang'olewa. Mara ya tatu hata miti ilichukuliwa.

Laga aliiogopa. Siku moja wale vijana walikuwa wamemnyang'anya leso, wakimwambia arudi kwao. Kwa hiyo akaacha kunywa chochote mchana, asije akahitaji kujisaidia. Kutwa nzima alimimina chai kwenye vikombe vya watu, katika joto letu hili, na yeye hakuonja tone. "Nitakunywa nyumbani," alikuwa akisema, na midomo yake imepasuka.

Ilianza na maumivu ya mgongo, ikaja homa. Akapelekwa hospitali ya Lodwar, nami nikamsindikiza, kwa kuwa mwanawe Nhial alikuwa Eldoret akitafuta kazi. Daktari alimuuliza hunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama Nhial akanitazama, akacheka kidogo. Tukaambiwa figo zimeharibika sana na kazi ya kushinda juani iishe.

Mahali pake sokoni pakabaki na mawe matatu ya jiko. Mkwe wangu alimuuliza mke wake nyumbani, "Yule mama wa chai alikwenda wapi?" Mama mkwe akaja kuniuliza mimi. Nikamweleza yote: mlango, magunia, maji asiyokunywa. Mama mkwe akarudi kumweleza mumewe.

Kesho yake mzee alibeba kigoda chake, akahamia ukuta wa nyuma wa duka. Wenzake wakamfuata na bao lao. Ekiru akaona haya, na kabla ya wiki kuisha ukuta ukasimama mbele ya mlango, mrefu kuliko tulivyoomba.

Nilikwenda kambini kumpa habari. Nilimkuta amelala kivulini mwa nyumba yake, miguu imevimba. Nilianza na salamu yetu, "ejok," naye akaitikia kwa Kiturkana chake kibovu. Nikamweleza jinsi mzee alivyohama na ukuta ukajengwa. Akauliza ukuta una urefu gani. Nikainua mkono juu ya kichwa changu.

"Mzuri," alisema. "Nani alimwambia mzee?"

"Mama mkwe wangu. Mimi nilimwambia mama mkwe."

Akajipepea na kipande cha katoni.

"Wale mama wengine pia wana mama mkwe?"

"Wanao."

"Sasa, Mama Akai, mlikuwa mnangoja nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu, na alinipa muda wa kujibu. Nikachukua kile kipande cha katoni, nikampepea mpaka jua likashuka.