Simu Iliyomfuata Mdogo Wangu Hadi Nuu

Mdogo wangu hakupigwa na mumewe hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu tuliyemweleza habari zake aliuliza hilo kwanza, na tukishajibu hapana, aliacha kusikiliza.

Aliolewa Mbumbuni, upande wa Makueni, na mfanyabiashara wa maembe. Ni mtu wa kanisa, haonji pombe, na sauti yake haipandi hata akikasirika. Mimi naishi Kwa Vonza, huku Kitui, nashona nguo katika chumba kinachotazama barabara. Tulizaliwa wawili tu. Tangu mama yetu afariki, mdogo wangu alikuwa akija kwangu shule zikifungwa, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa chekechea. Binti yake alisoma shule ya bweni, na likizo alikwenda kwa nyanya yake wa upande wa baba.

Likizo moja alikuja na simu mpya, ya bei, kioo chake kikubwa kama sahani. Mumewe ndiye aliyemnunulia, akaiwasha, akaiandikisha kwa akaunti yake mwenyewe.

"Mimi sijui mambo ya paswadi," aliniambia huku anacheka. "Yeye ndiye anajua yote."

Kesho yake tulienda sokoni kununua kunde. Tulikutana na mama mmoja tuliyesoma naye, tukasimama tukapiga domo. Simu ikalia. Nilimsikia shemeji yangu vizuri kabisa, maana ilikuwa na sauti kubwa: "Mbona mmesimama sana hapo kwa kinu cha kusaga?"

Niligeuka nikatazama nyuma, nikidhani yuko pale. Mdogo wangu hakugeuka. Alimwambia tu kwamba tumekutana na mtu, tunaondoka sasa hivi. Tukaondoka, na yule mama tukamwacha katikati ya hadithi yake.

Ilinichukua muda kujua mambo yalivyokuwa kwao. Hakuwa mtu wa kusema. Lakini nilianza kuona kwamba hapitii tena kwa rafiki zake, na akitumwa dukani anarudi mbio kama mtoto. Siku moja, tukichambua maharagwe, akaniambia habari ya mwalimu mwenzake wa Mbumbuni, aliyejifungua kabla ya likizo. Alikwenda kumwona, akambebea uji. Nyumba ya yule mwalimu imepakana na baa, na kile kidoti kinachoonyesha alipo kwenye ramani ya simu ya mumewe kikamweka mdogo wangu ndani ya baa. Jioni mumewe hakumgombeza. Alipiga magoti, akamwombea. Jumapili akamwomba mchungaji amkumbuke mke wake katika maombi, kwa ajili ya vishawishi.

"Mbele ya watu wote," mdogo wangu alisema. "Wakanishika kichwa, dada. Nilikuwa nimepeleka uji."

Baada ya kunieleza hayo hakutaka kurudi Mbumbuni. Likizo ikaisha, akabaki kwangu. Aliwaambia shuleni kwamba ni mgonjwa, na kwa kweli alikuwa amekonda. Nikampeleka kwa fundi wa simu, msichana anayetengeneza simu za wanafunzi kwenye kibanda karibu na stendi. Fundi akaishika ile simu, akaigeuza geuza.

"Mum, hii akaunti si yake," alisema. "Ni ya mzee. Siwezi kuitoa bila paswadi yake. Nikiifuta, itaniuliza paswadi hiyo hiyo, ifungike kabisa."

"Sasa tufanye nini?"

"Nitazima lokesheni. Hataona kitu."

Akazima. Tukakaa kwa amani majuma kadhaa. Shemeji alipiga, akauliza mbona simu haionyeshi mahali, mdogo wangu akamjibu kwamba hajui mambo ya simu. Hapo hakudanganya. Alianza kula vizuri. Alinisaidia kushona mifuko ya sare, na mchana wa joto alitoka peke yake kwenda kuketi na wanawake wanaouza miwa. Nilimsikia akicheka huko nje, nikasimamisha cherehani nisikilize.

Halafu siku moja akaamka akakuta simu imejizima na kujiwasha, na kioo kimebadilika rangi. Palikuwa na maandishi ya kumkaribisha kwenye huduma mpya ya mahali, iliyotengenezwa na kampuni yenyewe, iliyo bora na salama zaidi. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu cha kuendelea. Hapakuwa na cha kukataa. Kabla hatujamaliza chai, shemeji akapiga.

"Kumbe uko kwa dada yako bado," alisema. "Nashukuru Mungu. Nilikuwa na wasiwasi."

Tulirudi kwa fundi. Alisoma, akapekua, akasonya. Akatueleza kwamba zamani simu za aina hii zilikuwa zikiazima ramani na mitambo ya mahali kutoka kampuni nyingine, na kile alichozima yeye kilikuwa cha hiyo nyingine. Sasa waliotengeneza simu wamejenga vyao, ili wasitegemee mtu. Vimekuja na swichi zao, zimefichwa mbali, na zimekuja zikiwa zimewashwa.

"Basi zima hizo mpya," nikamwambia.

"Nimejaribu. Inataka mwenye akaunti akubali." Akairudisha simu mezani taratibu. "Pole, mum. Hata ukinunua ya kampuni nyingine, nao wanajenga zao. Kila mtu anataka ajue mwenyewe."

Nilifunga duka nikaenda Kitui mjini, kwenye duka kubwa linalouza simu hizo. Kijana aliyevaa fulana ya kampuni alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimwuliza kama mtu anaweza kukataa kufuatwa na simu anayoibeba mwenyewe. Alisema kampuni inathamini sana faragha, kwamba habari hizo hazionwi na mtu yeyote isipokuwa mwenye simu.

"Mwenye simu ni mdogo wangu."

"Mwenye akaunti ndiye mwenye simu, mama."

Kwa chifu ilikuwa vile vile. Aliuliza kama amepigwa. Akauliza kama amefukuzwa. Akauliza kama ananyimwa chakula. Kisha akacheka kidogo, bila ubaya, akasema wanawake wengi humlilia kwamba hawajui waume zao wako wapi, na sisi tunalia kwamba mume anajua mke yuko wapi.

Watu huniuliza kwa nini hakuitupa chooni ile simu. Namba aliyokuwa nayo ndiyo iliyoandikwa shuleni kwa binti yake. Walimu walituma ujumbe kwenye kundi la wazazi, na kundi hilo lilikuwa ndani ya simu hiyo. Binti alikuwa na pumu. Ni mama gani atatupa kitu kama hicho?

Akaamua kwenda Nuu, kwa mama yetu mdogo, aliyebaki huko na mbuzi wake na shamba la mtama ambalo mvua hulisahau. Nuu kwake hakuna netiweki, labda upande kilima kilicho nyuma ya boma. Nilimnunulia kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na laini mpya, tukaizima ile kubwa, akaifunga kwenye leso chini ya mfuko. Alinipigia alipofika, kutoka kilimani, akihema.

"Huku ni kimya, dada," alisema. "Kimya kizuri."

Nilitamani habari hii iishie hapo. Alikaa, akachunga, akatwanga na mama mdogo mahindi ya muthokoi, yale yanayokobolewa maganda kabla ya kupikwa. Halafu ukaja ukame wa vumbi, lile vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno, na akaanza kuota binti yake anakosa pumzi. Namba ya matron, mlezi wa bweni, hakuwa nayo kwenye kabambe. Akapanda kilima na simu kubwa, akaiwasha asome kundi la wazazi. Binti alikuwa salama. Walikuwa wanazungumzia soksi. Akaizima, akashuka.

Shemeji alikuja kabla juma halijaisha. Hakuja peke yake. Alikuja na mchungaji na mjomba wake mmoja mzee, na sukari na unga na blanketi la mama mdogo. Mama mdogo alinieleza yote baadaye, na mdogo wangu alinieleza pia, na maneno yao yalifanana, ila mmoja aliyaeleza kwa furaha.

Shemeji alivua kofia, akamwamkia mama mdogo kwa heshima, akimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu," alisema, "nimekuja kumchukua mama wa mtoto wangu. Kama nilimkosea, mniambie."

Mama mdogo akamgeukia mdogo wangu. "Alikupiga?"

"Hapana, mwaitu."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana. Ananifuata kwa simu. Kila mahali."

"Mwanangu," mama mdogo alisema, "mume wangu alienda Mombasa nikiwa na mimba, na mpaka leo sijui alikolala hata usiku mmoja. Huyu wako amekutafuta mpaka Nuu. Unataka nini tena?"

Mchungaji akaomba. Mjomba akala. Mdogo wangu akaenda kufunga mfuko wake. Aliniambia kwamba hakulia, kwamba alikuwa akitafuta tu neno la kuwaambia, neno moja la kueleza alichofanyiwa, na kwa Kikamba hakulipata, na kwa Kiswahili hakulipata.

Nilikasirika. Nilimpigia shemeji nikamwambia amwachie mke wake apumue. Alinisikiliza kwa upole. Alisema dunia imekuwa mbaya, wanawake wanauawa wanatupwa, na siku hatari ikimfika mdogo wangu, yeye akajua alipo, nitamshukuru. Nikakata simu, maana hata mimi husoma habari hizo.

Mwaka huu, maembe yakiwa yameanza kuiva, nilikwenda Mbumbuni kumwona. Nyumba yao ni nzuri. Ana maji ya bomba na tangi. Aliniandalia kuku. Kufundisha ameacha, mumewe alisema hakuna haja ya kuhangaika. Mkononi alikuwa na saa nyeusi ya kampuni ile ile, zawadi mpya.

"Inahesabu moyo pia," alisema akinionyesha. "Ukienda mbio, anauliza kwa nini."

"Huivui?"

"Nikiivua inamwambia nimeivua."

Tulizungumza habari za mahindi, na za binti, ambaye amekua na naye sasa ametafutiwa simu yake. Kila nilipoanza kuuliza jambo jingine, aliweka kidole mdomoni na kuitazama ile saa. Sidhani kama saa ile husikia. Wala yeye hajui. Lakini tulinyamaza wote wawili, watu wazima, mbele ya kitu cha mkononi.

Saa ya kuondoka alinisindikiza. Tulipita kati ya miembe, tukapita lango, tukashika kijia cha kwenda barabarani. Mahali fulani akasimama. Hapakuwa na ua wala jiwe wala mti, ni nyasi kavu tu, huku na huko sawa.

"Nafika hapa," alisema.

"Si unifikishe barabarani? Ni hapo tu."

"Nikipita hapa simu ya mume wangu inalia. Atauliza." Alitazama chini, akarudisha mguu mmoja nyuma kidogo, kama mtu aliyekanyaga zulia la wenyewe. "Nenda tu, dada. Usichelewe gari."

Nilimkumbatia. Nilitembea mpaka barabarani, nikageuka. Alikuwa amekwisha kurudi nyumbani.