Hedifoni za Fundi Magodoro

Mmeniganda. Wauguzi wazima, wasomi, mnaoandika majina ya dawa marefu kuliko ugonjwa wenyewe, mnaniganda mimi niwaandikie! Eti habari ya hedifoni binti yangu akiisimulia hainogi, mnataka itoke kwangu. Kalamu kwangu ni nzito kuliko gunia la pamba, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga gundi. Haya, nitaandika. Lakini ile ya "mimi nilifanya, mimi nilisema" hamtaipata. Nitawaandikia habari za mwanamke ambaye mtaa unamwita Fundi Magodoro, ili nipate nafasi ya kumcheka vizuri.

Huyo Fundi Magodoro alianza kushona magodoro meno yake yote yakiwa bado kinywani. Karakanani kwake kulikuwa na mashine ya kuchambua pamba iliyonguruma kama lori linalopanda mlima, naye alisimama ubavuni mwake mpaka masikio yakachoka kabla ya miguu. Lakini thubutu umwambie hasikii!

"Masikio yangu mazima," anasema. "Ni watu wa siku hizi wanaongea kama wana maji mdomoni."

Alipoacha kazi, starehe ikabaki moja: sinema za mchana, zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili, maana maandishi ya chini ya kioo hukimbia kabla hajamaliza neno la kwanza. Sauti aliipandisha mpaka ikagoma kupanda. Vikombe kabatini vikawa vinacheza.

Sasa, binti yake ni muuguzi wa zamu ya usiku. Analala mchana, na kati ya kitanda chake na hiyo televisheni kuna ukuta wa mbao ambao hata mende akikohoa upande wa pili unamsikia. Siku moja binti akatoka chumbani, macho mekundu.

"Mama, nimeona chumba cha kupanga karibu na hospitali. Mwenye nyumba anataka jibu Jumamosi."

"Kwa hiyo unanikimbia."

"Sikukimbii, Mama. Nautafuta usingizi. Ama tununue hedifoni, zile zisizo na waya. Unavaa, sauti inaingia masikioni mwako peke yako, televisheni inanyamaza. Nikiamka twende dukani nikuchagulie."

Hapo akawa amekanyaga pabaya. Amchagulie! Mwanamke aliyewachagulia maharusi godoro la kuanzia maisha, leo achaguliwe kitu cha kuweka masikioni? Kusema "usihame, mwanangu" lingekuwa jambo la pumzi moja, lakini kooni halikupita. Kilichopita ni hiki:

"Nitachagua mwenyewe."

Akaenda peke yake. Duka lenyewe ni la mchanganyiko: huku redio na simu, kule misumari, nyundo na viatu vya kazi. Mwenye duka, baba mmoja aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, akamkaribisha.

"Karibu, Mama. Nikusaidie nini?"

"Nimekuomba msaada?"

"Hapana, Mama."

"Basi niache niangalie."

Akaangalia kwa vidole, maana ndiyo elimu yake. Akaminya hedifoni za kwenye kabati la kioo moja moja: sponji nyembamba, ngozi ya bandia, mshono wa kubandika. Akasonya. Akavuka upande wa pili, na huko, kwenye msumari, akakuta jozi iliyomfanya asimame. Nene! Imejazwa ikajaa, unaminya inarudi, utepe wa kichwani umeshonwa mishono miwili. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyefundishwa na mamaye.

"Hizi zina waya?"

"Hizo? Hazina waya hata kidogo."

"Na nyumbani kutakuwa kimya?"

Mwenye duka akacheka. "Mama, ukizivaa hizo, dunia nzima inanyamaza. Wakata vyuma wote wananunua hizo."

Fundi Magodoro akapiga hesabu. Ikiwa wakata vyuma wanasikia sinema zao katikati ya makelele yale, basi hizi ni kiboko! Akalipa, akaondoka kichwa juu, bila kuuliza swali la tatu.

Nyumbani akazivaa, akashusha sauti ya televisheni mpaka chini kabisa kama binti alivyoeleza, akaketi. Midomo ikacheza kiooni. Sauti hakuna. Akajiambia kitu kipya lazima kikaliwe kwanza ndipo kitulie, kama godoro. Akakaa mpaka sinema ikaisha. Kesho yake akakaa tena. Mwisho akachukua sindano, akafumua ukingo wa upande mmoja, akachungulia ndani.

Sponji. Sponji safi, ya daraja la kwanza, lakini sponji tupu. Zilikuwa kinga za masikio, za kuzuia kelele.

Mtu mwenye akili angerudi dukani. Yeye akauona uso wa yule baba mwenye miwani, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema "nimekuomba msaada?", akaushona ule ukingo palepale, mshono usioonekana. Tena nyumba si ilikuwa kimya? Binti si alikuwa amelala? Jumamosi si ilikuwa inakuja? Basi. Atatazama bubu.

Jioni, kabla ya kwenda kazini, binti akamuuliza, "Sauti ikoje, Mama?"

"Safi mpaka inakera."

"Unazichaji saa ngapi? Sijaona waya wa chaji."

"Hazijaisha chaji."

"Siku zote hizi? Kumbe vitu vyenyewe ni vya maana! Wenzangu kazini nao wanataka. Na sinema ya leo ilihusu nini?"

Ikabidi atunge. Yule mwenye koti jeusi akamfanya mwizi, yule mwanamke mnene akamfanya mama mkwe mchawi, akawapa maneno, akawapa na ugomvi. Binti alisikiliza huku amekaza midomo kwa namna ambayo mtu asiye na kiburi angeitilia shaka.

Ijumaa mchana, kiooni akatokea msichana mlangoni na sanduku mkononi, na mama mtu mzima amesimama mbele yake. Wanasemezana, machozi yanatoka. Fundi Magodoro, masikio yamezibwa, akajikuta anamsemea yule mama, taratibu, chini chini, kwa kunong'ona tu:

"Haya nenda. Nenda kwenye chumba chako cha karibu na kazi. Mimi nitakula na nani? Nitamgombeza nani? Usihame, mwanangu. Nitaitupa hii televisheni jalalani, wewe usihame."

Akapangusa macho. Alipogeuka, dirishani kulikuwa na vichwa viwili: msusi wa jirani, na mteja wake aliyesukwa upande mmoja. Mlangoni amesimama binti, na gauni la kulalia. Akaja, akamwinulia kinga ya sikio moja.

"Mama, unapiga kelele."

"Nani? Nanong'ona!"

"Mama'ngu wee," msusi akadakia dirishani, "huko kunong'ona tunakusikia wiki nzima! Jana ulivyomtukana yule mwizi, mteja wangu alianza kujitetea!"

Binti akamvua zile kinga, akazivaa yeye, akaitazama televisheni isiyo na sauti, akazivua.

"Mama. Hizi ni za..."

"Najua ni za nini."

"Umejua lini?"

"Muda tu."

Binti akakaa sakafuni, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha kile kicheko kikabadilika, akawa anafuta machozi ya namna nyingine.

"Na wewe si ulikuwa umelala?" mama akamuuliza.

"Nitalalaje na vituko hivyo? Nilikuwa nauma mto nisicheke. Mama, ungeniambia tu nisihame."

"Si nimekuambia? Mtaa mzima umesikia. Unataka nikuambie mara ngapi?"

Binti akachukua simu, akampigia mwenye nyumba, akamwambia chumba ampe mwingine.

Kesho yake wakaenda dukani wote wawili, na Fundi Magodoro akatamka mbele ya yule baba mwenye miwani maneno yaliyomtoa jasho: "Sijui. Nisaidie." Yule baba, Mungu ambariki, hakucheka. Akawaonyesha hedifoni nyepesi zenye kijisanduku chake cha kuchomeka nyuma ya televisheni ya zamani, akaeleza kwamba za bei rahisi huchelewesha sauti, mtu anafumba mdomo ndipo maneno yanafika. Wakachukua hizo. Sponji yake mbovu, sitaficha.

Sasa sauti anaipata. Ile sinema iliporudiwa, akakuta mwenye koti jeusi si mwizi, ni daktari, na muda wote anaongelea mvua. Yake ilikuwa nzuri zaidi.

Lakini bado anajisahau. Akizivaa, anaongea, na anayeamka ni yuleyule. Kwa hiyo, Muuguzi Mkuu, wewe unayepanga zamu na uliyecheka kuliko wote, kazi yangu nimemaliza, yako inaanza: mtoe binti yangu zamu ya usiku, mweke ya mchana, alale usiku kama watu. Na jibu uniandikie kwa herufi kubwa, nilisome mwenyewe.