Fimbo za Bingwa

Bingwa wa gofu alikuwa binti wa mfua nguo wa klabu. Kwa miaka ishirini alicheza gofu ya kulipwa, akatwaa ubingwa wa taifa mara tisa, na klabu ile haikumtumia hata salamu. Alipostaafu ndipo walipomkumbuka, wakamwomba fimbo zake waziweke kwenye kabati la kioo.

Siku ya sherehe mwenyekiti alisimama, kitambi mbele, akatamba: "Huyu ni mtoto wetu. Sisi ndio tuliomlea!"

Bingwa alimdharau mtu huyu kiasi kwamba hata kumchukia aliona ni kumpa cheo.

"Ulinilea lini, mzee?" aliuliza. "Siku ile ulipomfukuza mama kazi kwa sababu nilipiga mpira mmoja kwenye nyasi zenu?"

Mwenyekiti alicheka peke yake. "Mambo ya zamani hayo, dada."

"Basi bakini nayo."

Alifungua kabati, akatia mfuko wa fimbo begani, akatoka. Jioni ile wasichana wa shule ya jirani walizigombania uwanjani, na mmoja akavunja dirisha la mwalimu mkuu kwa pigo lake la kwanza. Bingwa alicheka mpaka akakaa chini.