Kitovu cha Ghorofa ya Thelathini na Moja

Mie skuli nilisoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe sikulimaliza, maana mama alizaa pacha na mtu wa kuwapakata hakuwepo. Kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakwenda huku yakirudi kule, mnisamehe. Ndivyo ninavyosema na ndivyo ninavyoandika. Nnachotaka kukieleza ni kitovu cha mjukuu wangu, nilikizika wapi. Miaka sita nimewaambia watu uongo, na uongo huo nimeumwagilia maji.

Binti yangu aliolewa na kijana wa hapahapa Mpendae, Unguja, lakini kazi ya mumewe ya kupakia makontena ikawapeleka Uchina, kwenye mji ambao jina lake mpaka leo halinikai mdomoni. Alipokaribia kujifungua akanitumia tiketi. Kwetu mzazi hukaa ndani arubaini, na lazima awepo mtu mzima wa kumkanda na kumpikia uji wa pilipili manga. Nikafunga mdalasini, nikafunga pilipili manga, nikafunga tangawizi mbichi alizonichagulia mume wangu mwenyewe. Yeye alikuwa kibarua shamba la viungo la Kizimbani umri wake wote. Tangawizi anaijua kwa harufu, mfumbe macho umwekee kumi, atakwambia ipi ya masika na ipi ya vuli. Basi nikapanda ndege, nikatapika mara mbili, nikafika.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya thelathini na moja. Nyie mnaojua maghorofa ya pale Michenzani, mkadhani ndiyo maghorofa, hayo ni viti. Pale yalikuwa majengo manne ya vioo, yanafanana kama vikombe vya seti moja, na nyuma yake mengine, na nyuma ya hayo mengine, mpaka mawingu yanapita katikati kama moshi wa jikoni. Ndani ya lifti vitufe vya namba vinaruka nne. Ipo tatu, ipo tano. Binti yangu akanambia wenyewe wanaikimbia nne kwa sababu ya nuksi. Nikasema, kumbe watu hawa wana akili.

Lakini nyumba ile ilikuwa tundu. Dirisha linafunguka upana wa kiganja, basi. Hewa inatoka kwenye mashine. Kuku hawiki, mtu hapiti anauza kitu, jirani humjui. Wiki ya kwanza nilikaanga maandazi nikapeleka mlango wa pili, hodi, hodi, hodi. Kwetu hodi tatu, ukikosa jibu unarudi. Nilirudi na maandazi yangu, nikayala mwenyewe. Wiki tatu sikukanyaga ardhi. Nilikuwa nasimama dirishani natazama watu chini kama punje za ufuta, nasema, ya Rabi, wale wanakwenda wapi na mie nimefungiwa kosa gani?

Mtoto akazaliwa salama, mwanamume, ana masikio ya babu yake. Siku ya nane, baada ya adhuhuri, nikimwogesha, kitovu kikadondoka kwenye taulo.

Sasa kwetu kitovu hakilali juu ya ardhi. Siku kilipodondoka ndiyo siku kinapozikwa, kabla ya maghribi, na pale kilipozikwa ndipo kwao yule mtu. Akienda atakakokwenda, pale patamwita. Cha kwangu mie kiko uani Mji Mkongwe, chini ya mkomamanga, na mkomamanga ulishakatwa zamani ikajengwa hoteli, lakini nikipita pale mpaka leo tumbo linanivuta.

Nikamwamsha binti yangu. "Mwanangu, kitovu kimedondoka. Wapi tutakizika?"

Akafungua jicho moja. "Mama, tafadhali. Hapa hapana udongo. Tia kwenye kikopo, tutaona."

"Hakuna nchi isiyo na udongo."

"Haya, katafute," akasema, akageukia ukutani akalala na mwanawe.

Yeye alisema mzaha. Mie nikakifunga kitovu kwenye ncha ya kanga, nikachukua kijiko cha chai cha kuchimbia, nikavaa buibui, nikashuka. Simu niliiacha kwenye chaji. Hilo ndilo kosa la kwanza.

La pili ni la kwetu sisi watu wa Mji Mkongwe. Sisi njia hatuzijui kwa majina, tunazijua kwa watu. Ukiuliza nyumba utaambiwa: nenda mpaka kwa muuza kahawa, mpite fundi cherehani mwenye upara, ukimwona bi kizee anayeuza ubuyu, mlango wa pili. Akifa mtu wa barazani, wageni wanapotea wiki nzima. Kwa hiyo nilipotoka mlangoni nikatafuta mtu wa kumshika alama, nikampata. Mlinzi wa pale chini, amekaa mezani, ana chunjua kidevuni, kubwa, na unywele mmoja umetoka. Nikasema moyoni, kidevu hiki hakinipotei.

Nikatoka nje. Nchi nzima imesakafiwa. Marumaru chini, marumaru ukutani, vioo juu. Nikaona maua, nikafurahi, nikachutama nikatia kijiko: mawe meupe madogo, na chini yake sponji. Maua yenyewe plastiki. Nikavuka daraja la watu juu ya magari, nikashuka upande wa pili, nikaona majani mabichi, haya majani ya kweli, nikapiga magoti. Kabla kijiko hakijaingia nikasikia firimbi. Mlinzi anakuja mbio, ananipungia mkono kama mtu anayefukuza mbuzi. Nikamwambia, "Baba, shimo dogo tu, la kidole!" Akapiga firimbi tena.

Nikaenda mbele. Mabarabara yote yananyooka, na mie mtu wa vichochoro. Kwetu ukipotea unafuata uchochoro wowote, mwisho wake utatokea baharini au sokoni Darajani, halafu unajua ulipo. Pale nilifuata, nikafuata, nikatokea kwenye jengo jingine. Nikashuka ngazi nikidhani njia, kumbe soko zima liko chini ya ardhi, maduka yanang'aa, nikatoka upande mwingine sikuujua. Pikipiki zao hazina sauti, zinakupita mgongoni kama jini. Kila nikitazama juu nasikia kizunguzungu. Yale majengo yananiinamia, yananitazama, mie na kijiko changu.

Nikafika penye uzio wa mabati. Nikachungulia tunduni: shimo kubwa, wallahi Mpendae nzima inaingia, na chini kabisa udongo mwekundu, mzuri, kama wa Kizimbani. Nikalia. Udongo nauona na kuufikia siwezi. Nikazunguka bati lile pande zote natafuta mlango, na mlango ulipopatikana ulikuwa na wanaume wenye kofia ngumu, wakacheka, wakanionesha kidole: rudi.

Hapo jua lilikuwa linazama. Jua lenyewe sikuliona. Niliona majua matatu mekundu kwenye vioo vitatu, sikujua lipi la Mwenyezi Mungu. Nikajua tu maghribi imekaribia.

Kwenye uwanja mmoja palikuwa na wanawake watu wazima kama mie wanacheza kwa redio, wameshika vipepeo vyekundu vya kujipepea. Pembeni yao pana mti. Mti wa kweli, lakini maskini, umekazwa na magongo na waya pande nne, na shinani umefunikwa chuma cha mistari mistari, kama dirisha la jela. Nikachungulia katikati ya mistari. Udongo.

Nikachutama. Kijiko kinapita, mkono haupiti. Nikachokoa, nikachokoa. Bibi mmoja akaacha kucheza akaja kunitazama, akasema kitu. Nikafungua ncha ya kanga nikamwonesha. Akakitazama kile kitovu, kikavu kama karafuu, akanitazama mie. Halafu akageuka, akafungua kipepeo chake, akasimama kati yangu na mlinzi wa uwanja, anajipepea, na baridi yote ile. Nikasema bismillahi nikakidondosha. Nikakifukia. Kijiko nacho kikaniponyoka kikazama mle mle. Yule bibi akarudi kucheza.

Basi, kazi imekwisha, nikapumua. Sasa nyumbani wapi?

Yale majengo manne niliyaona, sikuyapoteza, marefu yale yanapotea wapi. Nikaenda la kwanza, nikachungulia mezani: mlinzi kijana, kidevu laini kama yai. Si hapa. La pili, mlinzi mwanamke. Si hapa. La tatu, mzee wa miwani. La nne, mnene, hana chunjua. Nikarudi la kwanza. Nikayazunguka mara tatu yale majengo. Haikunipitikia akilini kwamba mlinzi huondoka akaja mwingine. Kwetu mtu wa barazani habadilishwi ila na mauti. Nikawaza, labda amekufa saa hii hii.

Nikakaa kwenye ngazi. Mnene akatoka akaninyanyua kwa ishara. Hata baraza hawana! Nikasimama ukutani. Maziwa ya binti yangu, uji hajapikiwa, mtoto, na mie nimesimama nje kama niliyetolewa talaka, juu yangu taa elfu na moja yao yetu, siijui ipi.

Ndipo akapita mtu kasukuma pikipiki, fulana nyeupe, mfuko wa mboga umening'inia. Kidevuni chunjua. Unywele mmoja.

Nikamrukia. Mie mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, nikamshika mkono mwanamume barabarani, Mungu anisamehe. "Baba, nirudishe!" Akashtuka, akanitambua, akacheka mpaka mboga zikadondoka. Akanipeleka mpaka jengo la nne, lile la mnene niliyempita mara tatu. Akasema naye, wakacheka wote wawili. Nikawaonesha vidole: kumi, kumi, kumi, na kimoja. Wakanipandisha kwa kadi yao.

Binti yangu alikuwa mlangoni, kichwa wazi, mtoto analia begani. "Mama! Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kunyoosha miguu."

"Saa nne nzima?" Halafu akaanza kulia, si kilio cha hasira. "Mama, kitovu kiko wapi? Nimeamka nimetafuta kila pahala. Nimeota mtoto mkubwa, ananisemesha Kichina na mie simjibu. Mama, usikizike huku. Nenda nacho. Kazike kwetu. Mie mwenyewe huku nimenasa, lakini mwanangu sitaki."

Nilimwambia, "Kipo, mwanangu. Nimekifunga kwenye kanga. Nakwenda nacho."

Akanikumbatia. Ndivyo uongo unavyozaliwa, na wenyewe hauna arubaini, unatoka nje siku hiyo hiyo. Kabla sijavua buibui ashampigia baba yake simu Unguja.

Niliporudi Unguja, mume wangu alikuwa ameshachimba shimo uani, na mnazi ulioota uko tayari, na majirani wamekaa kwenye mkeka. "Haya, bi mkubwa, tupe amana yetu." Nikaingia ndani nikapekua begi. Palikuwa na kipande cha tangawizi kilichosalia, kimenyauka, saizi ya ncha ya kidole. Nikakifunga kitambaa mafundo matatu. Kikazikwa kwa dua, mnazi ukapandwa juu yake.

Na tangawizi ile ikaota. Nyie, kila masika! Naamka alfajiri nachungulia, nikiona kijani naking'oa, naficha upenuni. Mzizi sijaupata mpaka leo, umejishika chini ya mnazi. Miaka sita nafanya kazi ya jela uani kwangu mwenyewe. Mtoto hajaja hata mara moja. Kila mwaka mwakani, mwakani. Kwenye simu anaongea Kiswahili cha kuokota, na siku moja alinambia, "Bibi, lini utarudi nyumbani?" Nyumbani, yaani kule. Mume wangu akachukua simu akamwonesha mnazi: "Kwenu hapa, bwana mdogo! Unauona?" Mie nikaenda jikoni.

Masika haya magoti yamenikataa. Juzi nimechelewa kuamka, nikatoka nikamkuta mzee amechuchumaa pale mnazini. Ameshika jani jembamba. Amelisugua, ananusa vidole vyake.

"Bi mkubwa," akasema bila kugeuka, "hiki kitovu mbona kinanuka chai?"

Nikakaa chini palepale, kwenye tope. Nikamweleza yote, chunjua, kijiko, majua matatu, yule bibi wa kipepeo. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikajua sasa nitaachwa na uzee wangu huu.

"Huo mti wa huko," akauliza, "ulikuwa hai?"

"Umefungwa magongo na waya. Chini umetiwa chuma."

"Sijauliza hilo. Majani ulikuwa nayo?"

Nikafikiri. "Ulikuwa nayo. Machache."

"Haya." Akasimama kwa kuushika mnazi, akachukua ndoo. Ile tangawizi hakuing'oa. Aliimwagia maji yake, na mnazi akaumwagia yake. Halafu akanambia nimpe simu, anataka kumwuliza yule mtoto kama ameshawahi kuuona huo mti.